Sifa za Mpangaji wa Jongoo

Simba wamemweka kwenye nembo ya taifa. Papa katengenezewa filamu. Silikanti, yule mzee wa kale aliyenaswa Malindi mwaka 2001, kapigwa picha kuliko bibi harusi. Nguru hahitaji mshairi, harufu yake motoni yatosha. Ninayemsifu mimi hana magamba, hana mapezi ya tumboni, hana jina la Kiswahili ninalolijua, na makazi yake yamo ndani ya tupu ya nyuma ya mwenzake. Wenye staha wanisamehe. Nitajikongoja na tafsida hadi initoroke.

Nilikutana naye Shimoni, nikiwa likizo kwa mjomba, ambaye enzi hizo alikausha majongoo bahari wa kuuziwa matajiri wanaowasafirisha Uchina. Siku hiyo kisu kilipopita tumboni mwa jongoo mmoja, kikachomoza kitu chembamba, karibu cheupe kama maji, mfano wa uzi wa nailoni uliotiwa macho.

"Mjomba, mdudu gani huyu?"

"Si mdudu, ni samaki. Mpangaji wake huyo," akajibu bila kuinua uso, akamtupia paka.

Neno hilo lilinichoma, maana mimi pia ni mpangaji. Naishi Loresho. Ukisikia Loresho usinidhanie makuu: wenye Loresho wanakaa mbele, kwenye nyumba za paa la vigae, zenye bustani pana na mbwa wanaokula nyama kila siku. Mimi niko nyuma, kwenye esikyu, chumba kilichojengewa mtumishi ambacho sasa hupangishwa kwa watu wa saizi yangu. Naingilia geti dogo, upande wa mapipa ya taka, nalo hufungwa saa nne usiku. Kwa hiyo nikimsifu kiumbe aingiaye kwa mlango wa nyuma, nina haki.

Sasa tazameni ustadi wake. Jongoo bahari, kwa alivyoumbwa, hupumua kwa nyuma. Huvuta maji kwa tundu lile lile la haja, yakaenea kwenye matawi ya kupumulia yaliyo tumboni, kisha akayatoa. Akitaka kuufunga mlango huo moja kwa moja, atakata roho. Samaki-lulu (ndivyo tumwite, sababu inakuja) humnusa jongoo kwa mbali, akafuata mkondo wa maji yatokayo mpaka kizingitini, akangoja. Mlango ukifunguka hugeuka na kuingia kinyumenyume, mkia mbele, kama dereva wa matatu anayejipenyeza penye nafasi ya baiskeli. Wapo wasiojua ada, hutanguliza kichwa. Wapo majongoo walioota meno mlangoni, na wapo wanaorusha nyuzi nyeupe za kunata zinazomnasa kaa mzima. Mwili wa jongoo una sumu ya kuwalegeza samaki wengine. Huyu wetu amejipaka ute mzito unaomsaidia kuihimili, na analala humo kama mtoto wa kitanda cha kamba.

Wahenga walisema fadhila za punda ni mashuzi. Samaki-lulu ameikanusha methali hiyo kwa mwili wake. Tundu lake la haja limesogea mbele hadi chini ya koo, hivyo akibanwa hutoa kichwa tu nje, akamaliza shida zake baharini, akarudi ndani. Nyumba ya mwenyewe haichafuki. Sisi huku nyuma tuko wanne kwa choo kimoja, na kuna alfajiri nimeyatamani sana maumbile hayo.

Kodi halipi, lakini chakula chake hujitafutia. Giza likiingia hutoka kuwinda kamba na visamaki, akarejea kabla ya jua. Kweli, wako binamu zake wa jenasi ya Encheliophis wanaobaki ndani na kuzitafuna tezi za uzazi za mwenyeji wao. Kila ukoo una wa kuuaibisha. Tuseme tu kwamba jongoo ana kipaji cha kuotesha upya viungo vya ndani, tupite.

Tena si mchoyo wa nafasi. Mwaka 1977 mtafiti mmoja aliandika juu ya samaki hawa 15 waliokutwa ndani ya jongoo mmoja. Kumi na watano! Mwenye nyumba wangu asiisikie habari hii, kesho ataleta mafundi. Na wakikutana humo hupiga ngoma, kwa misuli inayovutavuta kibofu cha hewa, katikati ya utumbo wa mtu aliyejilalia zake.

Jina la lulu limetokana na jamaa zao wanaopanga ndani ya chaza. Mpangaji akifia humo, chaza humfunika kwa ile ile johari, tabaka juu ya tabaka, hata akawa kito chenye umbo la samaki. Nitajieni kabaila mwingine aliyemvika mpangaji wake sanda ya lulu. Sisi tukihama hata dipoziti haturudishiwi.

Msidhani ni kabila la watu wachache. Ukoo mzima, Ophidiiformes, jina lililochotwa kwenye neno la Kigiriki la nyoka, una spishi zaidi ya 500. Si mikunga, ingawa mvuvi mwenye haraka atawaita hivyo. Baadhi yao mapezi ya tumboni yamehamia kidevuni, yakawa mithili ya ndevu za kupapasia tope. Mmoja wao, Abyssobrotula galatheae, alivuliwa mwaka 1970 kwenye shimo la bahari la Puerto Rico, kina cha mita 8,370. Chukua Kilimanjaro, mita 5,895, izamishe humo, kisha juu yake ubebeshe milima ya Ngong na mita zake 2,460 tangu usawa wa bahari. Kilele cha Ngong bado kitakuwa chini ya mita 15 za maji. Huko ndiko uswahilini kwao.

Yuko pia Acanthonus armatus, ambaye waliompima mwaka 1987 walimkuta na ubongo mdogo mno kwa mwili wake na masikio makubwa ajabu. Wengine wamemcheka. Mimi naona ni umbo kamili la anayeishi nyuma ya ukuta wa wenye mali: asikie yote, asiwaze sana.

Yuko katika ukoo aliyefika mezani kwa wakubwa, kingklip wa Afrika Kusini, mnofu mweupe wa bei. Miaka ya 1980 waliingia kumvua kwa ndoano za kamba ndefu, wakamfukuzia hadi akapungua vibaya. Hayo ndiyo malipo ya kukaa nyumba ya mbele. Yule wa jongoo hakuna aliyemtafuta, ila paka wa mjomba.

Ningemsifu zaidi, lakini naandika haya kibandani Kangemi, chai imepoa, na saa tatu na nusu imepita. Yeye saa hizi ndiyo kwanza anatoka. Mimi nina nusu saa ya kulifikia geti la nyuma, na soja wa leo hafungui mara mbili.