Steringi Wawili Nyumba Moja

Msyuuu! Watoto wa siku hizi wanaona filamu mbili tu, tayari wanafundisha watu kijiweni. Hapa Maili Moja, Kibaha, vijana wa bodaboda wameshikilia kwamba Superman na Batman ni marafiki wa kufa na kuzikana, na ugomvi wao umezushwa na watu wa sinema. Shemeji yetu wa Kisarawe akatua kikombe cha kahawa, akawaambia: "Steringi wawili hawakai nyumba moja." Mimi niko naye, tena kwa moyo wote.

Kwenye vitabu vya katuni walijuana siri zao mwaka 1952, walipopangwa chumba kimoja melini. Miaka iliyofuata wakawa wanakamata wahalifu pamoja kama pacha, bila hata kununiana. Hapo mimi sioni utamu wowote.

Utamu ulikuja mwaka 1986, mwandishi na mchoraji John Byrne alipoisimulia upya historia ya Superman. Humo Superman anakwenda Gotham, mji wa Batman, kumtia mwenzake mbaroni, maana kwake huyo ni mhuni anayejichukulia sheria mkononi. Batman hakimbii. Anamwambia: ukinigusa, bomu litalipuka, na mtu asiye na hatia katika mji huu atakufa. Superman anameza hasira, wanamsaka mhalifu pamoja. Mwishoni anadai kuonyeshwa bomu liko wapi. Batman anachomoa bomu kwenye mkanda wake mwenyewe. Aliyewekwa rehani ni yeye! Jamani, huyo ni mtu wa kumwogopa na kumheshimu kwa pamoja.

Halafu mwaka 1990 Superman anampa Batman pete ya kriptonaiti, jiwe lenye uwezo wa kumuua yeye Superman. Anamkabidhi kwa sababu anajua siku moja akili yake inaweza kutekwa, na siku hiyo anataka awepo wa kumzuia. Nani hapa kijiweni angemkabidhi jirani yake panga la kumkatia shingo, akalala usingizi? Vijana wakanyamaza. Huo ndio urafiki ninaousema, umepita kwenye shaka kwanza.

Na sisi tunao wa kwetu, nasonya kwa uchungu kwamba vijana hawawajui. Kwenye riwaya zake Ben Mtobwa alituachia Joram Kiango, mpelelezi wa kujitegemea asiyepangiwa kazi na mtu, na Inspekta Kombora wa polisi. Kombora ana sheria, Joram ana njia zake. Inspekta anakereka naye, na bado mambo yakimzidi kimo anajua ni nani wa kumtafuta. Elvis Musiba naye, tangu riwaya ya Kufa na Kupona ya mwaka 1974, alitupa Willy Gamba, mpelelezi wa serikali: Chifu, bosi wake, akiita, anaitika.

Sasa wawekeni hao kwenye katuni moja. Mwaka 1976 kampuni za DC na Marvel, wapinzani wa biashara ya katuni, walikaa mezani wakatoa kitabu kimoja cha Superman na Spider-Man. Wakapigana kwanza, kisha wakaungana. Kama wao waliweza, sisi tunashindwaje kukaa na warithi wa Mtobwa na Musiba, tukaomba ruhusa na kuwalipa haki yao? Wachoraji tunao. Hii ni nchi iliyolelewa na magazeti ya katuni ya Sani na Kingo.

Kisa chenyewe ninakiona. Chifu anamtuma Willy amkamate Joram. Kombora anajua Joram hana hatia, lakini kiapo cha kazi kimemfunga mdomo. Willy anatii amri huku moyo ukimkataa, Joram anamsubiri bila kujificha. Na wakutane hukuhuku Pwani, kwenye vilima vya kuelekea Kisarawe, kijana wa Maili Moja afungue ukurasa aione barabara anayopita kila siku. New York imeshachorwa ikatosha.