Muulize Shangazi Mukeke: Mbio za Kando ya Ziwa

Wiki hii barua zote kutoka pwani yetu ya Tanganyika zimenuka jasho. Nawajibu kwa zamu.

Shangazi, nilijisifu mbele ya mashemeji kwamba nitatoka Rumonge hadi Bujumbura mbio, kama wakimbia maratoni. Wameshanunua mbuzi. Nifanyeje?
*Mdomo Mrefu, Rumonge*

Mwanangu, maratoni ni kilomita 42 na mita 195. Barabara yetu hadi Bujumbura inapita kilomita 70. Umeahidi maratoni nzima na kipande kikubwa cha pili! Marehemu Kelvin Kiptum wa Kenya aliikimbia ile ya Chicago, mji wenye ziwa lake pia, Oktoba 2023, kwa saa 2 na sekunde 35. Alipovuka mstari alisimama. Hakuongeza hata hatua ya heshima kwa wakwe. Panda basi hadi Magara, shuka, kimbia kilichobaki. Mbuzi hataki kujua ulianzia wapi.

Shangazi, mume wangu huamka saa kumi usiku kwenda mazoezi ufukweni. Hurudi ameshiba, vidole vinanuka samaki wa kuchoma. Ndiyo michezo hiyo?
*Mama Wawili, Rumonge*

Mama, saa hizo ndipo maboti yanapoanza kurudi na ndagala, na makaa hayachelewi. Usigombane naye, subiri mbalamwezi. Ndagala hufuata taa za wavuvi. Mwezi ukijaa, taa hazina nguvu na wavuvi wengi hupumzika. Mumeo naye akipumzika wiki hiyo, umeshapata jibu. Usiku wa giza ukirudi, mfuate na sahani.

Shangazi, timu yetu inanitaka nimwachie nafasi yangu mzee mmoja ambaye miaka yote hakuwahi kushindana. Mimi ndiye mwenye kasi. Nikubali?
*Mwenye Kasi, Nyanza-Lac*

Kijana, mwaka 1996 Burundi ilishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza, kule Atlanta. Vénuste Niyongabo alikuwa hodari wa mita 1,500, lakini nafasi hiyo alimwachia Dieudonné Kwizera, aliyekosa michezo iliyotangulia kwa sababu nchi haikuwa na kamati ya Olimpiki. Yeye akaingia mita 5,000, mbio alizokuwa bado mgeni nazo, akarudi na dhahabu, medali ya kwanza ya Burundi. Mwachie mzee nafasi, kisha utafute mbio nyingine. Usipopata dhahabu, utapata shikamoo.

Shangazi, esansi haipatikani, kazini naenda kwa miguu kila siku. Naweza kujiandikisha maratoni bila mazoezi?
*Soli Imeisha, Rumonge*

Mazoezi gani tena unayotaka? Wenzako Ulaya hulipia mwalimu wa kuwatembeza. Ila anza na nusu maratoni, na usikimbie na viatu vipya siku ya mashindano.

Neno langu kwa wote: ziwa letu ni zuri, lakini anayelitazama huku anakimbia hukutana na baiskeli iliyobeba vidumu vya mawese. Tokeni alfajiri kabla ya jua kali, kunyweni maji, na kwa kuwa magari yetu hupita kulia, kimbieni upande wa kushoto muyaone yanayowajia.