Mpangaji wa Kanisani

Korali ya akina mama hufanya mazoezi chumbani kwangu kila Jumatano na Ijumaa. Sikuwaalika. Wanafika saa tisa alasiri, wanasukuma mabenchi mawili ambayo ndiyo ukuta wangu, wanakunja mkeka wangu bila hodi, na kiongozi wao ananikazia macho kana kwamba nimelala juu ya sauti ya tatu. Nikikohoa, wote wananyamaza, kisha wanaanza tena tangu ubeti wa kwanza. Siku hizi kikohozi nakimeza.

Mimi ni mtu wa Masisi, mashariki mwa Kongo, ninakaa kanisani Walikale. Waasi wa M23 walipoichukua Masisi-centre mwanzoni mwa Januari 2025, tulishika njia ya Nyabiondo, tukapita Kashebere, tukateremka msituni na vyombo kichwani. Waliotangulia walipata madarasa ya shule. Sisi wa nyuma tukapewa kanisa. Wa shuleni walitucheka sana, hadi walimu waliporudi na chaki zao.

Shemeji yangu aliyeko Uholanzi ananiona nimebahatika. Huko makanisa yameishiwa waumini, yanauzwa, mafundi wanayageuza nyumba. Alinitumia picha za moja la mjini Utrecht, la Mtakatifu Yakobo, lenye madirisha marefu na ghorofa nyeupe iliyojengewa ndani kwa ndani, jamaa wanakula chakula cha jioni pale waumini walipokuwa wanapiga magoti. “Nanyi mnakaa kanisani, hongereni!” akaandika, na vikatuni vya kucheka. Shemeji, huko watu waliacha kusali kwanza, ndipo wapangaji wakaja. Kwetu wapangaji tumefika, na hakuna aliyeacha kusali.

Mazuri yapo, nisije nikaonekana mtovu wa shukrani. Kwanza manjanja, yaani mabati. Kanisa ndilo lenye manjanja mazima kuliko nyumba zote za hapa, na mvua ya Walikale si ile ya Masisi inayonyunyiza na kuacha baridi, hii inamwagika. Wenzetu walio kwenye vibanda vya shitingi usiku wanashindana na maji. Halafu hakuna garanti ya kodi. Goma mwenye nyumba anataka dola za miezi kadhaa mkononi kabla hujaonyeshwa choo kilipo. Hapa hakuna aliyeniuliza hata dhehebu langu.

Ndani tumejigawia mitaa kwa majina ya Goma. Upande wa mimbari, penye saruji laini na pasipovuja, panaitwa Himbi. Mlangoni, mvua inapopiga kwa ubavu na mbuzi wanapoingia wakijisikia nyumbani, ni Ndosho. Mimi ni mkaazi wa Ndosho. Bibi yangu anakaa Himbi, na alipapata kwa haki: vita vya 1993 vilivyoanzia sokoni Ntoto vilimlaza kanisani, vya 2008 vikamrudisha, vya 2012 vilevile. Akiingia kanisa lolote hatazami msalaba kwanza. Anatazama juu, anatafuta alama za maji, anapima kwa jicho, anatandika. Wengine bado wanasalimiana na mzee wa kanisa, yeye ameshavua viatu.

Nami nimeanza kuwa mtaalamu. Machi 19 mwaka uleule vita viliingia Walikale-centre yenyewe, tukakimbilia vijijini. Mwanzoni mwa Aprili M23 wakaondoka, tukarudi kidogokidogo, na huko kote tulikuwa tunalala kwa Mungu huyuhuyu chini ya madhehebu tofauti. Mwenye kutafuta nyumba asikilize. Kwa Wakatoliki kuta ni nene na misa haichukui siku nzima, ila pale tulipofikia kengele ilikuwa ringi ya gari iliyotundikwa mtini, inagongwa kwa chuma saa kumi na moja alfajiri, na mti wenyewe uko karibu na dirisha lako. Kwa Wakimbangu hakuna kuingia hekaluni na viatu, kwa hiyo sakafu inang’aa. Ubaya ni usiku, unapotoka kwenda choo na kupapasa rundo la kandambili gizani. Kwa Wasabato wanakutoa Jumamosi, lakini Jumapili, wakati majirani wote wanafukuzwa vitandani, wewe unajigeuza upande wa pili.

Wapentekoste wana moyo. Ndio waliotupikia bugali na sombe ya mawese siku tuliyofika, na sisi tuliozoea viazi, maharage na mashanza, maziwa yetu ya mgando, tulikula mpaka tukasahau ng’ombe wa Masisi. Lakini wana kesha. Saa saba za usiku mhubiri anapaza sauti: “Moto! Moto!” Yeye anamwita Roho Mtakatifu. Sisi deplase, wakimbizi wa ndani, tumeshaamka, mtoto mgongoni, sufuria kichwani, tuko mlangoni tunaulizana tunakimbilia upande gani.

Kibaya kuliko vyote ni Jumapili. Saa kumi na mbili asubuhi nyumba yangu inavunjwa. Neti, godoro, mabidoni, nguo za watoto, vyote vinasukumwa nyuma ya mimbari na kufunikwa kitenge. Mabenchi yanarudi kwenye mstari. Saa tatu waumini wanaingia wamenyoosha nguo, na mmoja wao ananishika mkono kwa furaha: “Karibu sana, ndugu! Umetoka wapi?” Nimetoka hapo unapotaka kukaa, Papa.

Wala huwezi kukosa ibada. Wenzako watasema mvua iliwazuia njiani. Wewe njia gani? Na siri haipo. Juzi mimi na mama watoto tulibishana usiku kuhusu chumvi, kwa kunong’ona, maana ukipandisha sauti Himbi yote inasikia. (Mama watoto amegundua kwamba maneno ya kunong’ona yanachoma zaidi, na sasa hata nje, kwenye mafiga, ananinong’oneza.) Jumapili mchungaji akahubiri juu ya nyumba zinazobomoka kwa sababu ya chumvi. Yeye alikuwa anatazama manjanja. Waumini wote waligeukia Ndosho.

Sasa Jumamosi kuna harusi. Jana jioni mzee wa kanisa alikuja, akakaa kwenye benchi langu, akanieleza kwa upole kwamba bibi harusi atapita hapahapa, hivyo nianue neti na nguo za watoto tangu Alhamisi, na kama inawezekana bibi ahamishe godoro, maana meza ya keki itakaa Himbi. Nikasema hakuna shida, Papa. Akatoa daftari. Kumbe majirani wa karibu wote wanaombwa mchango, franka elfu tano kwa kila jamaa, na hakuna jirani wa karibu kunishinda. Nikamuuliza kama basi na sisi tumealikwa. Akalamba kidole, akafunua ukurasa, akashuka polepole na orodha mpaka mwisho. Tumepangiwa nje, kando ya jenereta.