Tisha Watu kwa Bei Poa

Unataka kutengeneza filamu ya kutisha, ila huna hela, huna zimwi, na kipaji nacho ni cha kuombea dua. Umefika pahala pake. Shika kanuni moja tu: mtazamaji anapenda kuogopa, lakini anapenda zaidi kujiona ana akili kuliko waliomo kwenye picha. Mpe hiyo sifa, hofu atajitengenezea mwenyewe.

1. Tafuta nyumba. Iwe pweke, milango ilie, na taa zizimike zenyewe. Wahamiaji wapya waambiwe wazi kwamba waliotangulia walifia humo, nao wajibu kwamba kodi ni nafuu. Umekosa nyumba? Tumia yako. Oren Peli alipiga Paranormal Activity nyumbani kwake San Diego kwa takriban dola 15,000, na usiku wote kamera imesimama tu ikitazama kitanda. Watu walikata tiketi kwenda kuangalia mlango ukisogea.

2. Ficha zimwi. Papa wa mashine wa Jaws, filamu ya mwaka 1975, aligoma kila alipoonja maji ya chumvi. Steven Spielberg akabaki kupiga picha bahari, mapipa ya njano na muziki. Papa mwenyewe anajitokeza sawasawa baada ya zaidi ya saa nzima. Leo tunauita huo ustadi. Kwa hiyo zimwi lako likiharibika, usiseme limeharibika. Sema unaheshimu fikra za mtazamaji. Waongozaji wa The Blair Witch Project, 1999, walikwenda mbali zaidi: mchawi haonekani kabisa, na kamera waliachiwa waigizaji huko msituni wajipige wenyewe. Filamu ikakusanya karibu dola milioni 250. Mchawi hakudai hata senti.

3. Muuaji mvishe uso wa dukani. Kwa ajili ya Halloween ya 1978, watu wa John Carpenter walinunua kinyago cha Kapteni Kirk wa Star Trek kwa chini ya dola 2, wakapanua matundu ya macho na kukipulizia rangi nyeupe. Hakuna aliyemtambua kapteni. Majani bandia ya vuli walipaka rangi, maana walipiga picha California wakati wa machipuko. Kila wakimaliza onyesho waliyaokota na kuyamwaga mtaa mwingine. Muziki Carpenter aliupiga mwenyewe. Jifunze hapo: bana matumizi kote, kisha ukihojiwa sema ulitaka iwe hivyo.

4. Damu iko jikoni. Alfred Hitchcock alipiga Psycho, 1960, kwa rangi nyeusi na nyeupe, hivyo shira ya chokoleti ikatosha kutiririka bafuni. George Romero naye akaitumia kwa misukule wake wa Night of the Living Dead, 1968. Ila usibane mpaka ukapitiliza: jina la filamu hiyo lilipobadilishwa, alama ya hakimiliki haikuwekwa tena, na kwa sheria za Marekani za wakati ule picha ikawa mali ya kila mtu. Chokoleti bana, wino usibane.

5. Leta basi. Hii ndiyo njia ya mkato tamu kuliko zote, nayo imetoka kwenye Cat People ya mwaka 1942. Mwanamke anatembea usiku kando ya ukuta. Viatu vyake vinagonga lami, na nyuma yake vinagonga viatu vingine. Mara vile vya nyuma vinanyamaza. Anageuka: taa, kivuli, matawi yanatikisika. Anaharakisha. Unasikia mngurumo wa mnyama, unaruka kitini, na kumbe ni basi limefunga breki mbele yake. Hakuna aliyeguswa. Nawe ukikwama, nyamazisha kila kitu, kisha rusha paka kutoka kabatini. Mtazamaji atacheka kwa aibu, atajiweka sawa, na hapo ndipo umlete muuaji.

6. Ajiri wajinga. Mmoja aseme, "Tugawanyike tumtafute." Mwingine aingie kizani akiuliza, "Nani hapo?" kana kwamba atajibiwa. Funguo za gari zianguke, simu ikose mtandao, na anayekimbia ajikwae penye tambarare. Usione haya. Nenda kibanda umiza chochote usikilize watu wakipiga kelele: "Mjinga huyu! Toka humo!" Kila anayepiga kelele amelipia raha ya kuwa mtaalamu wa kuokoka, na hao ndio watakaorudi na marafiki. Steringi awe msichana aliyekataa bia. Huyo hafi, na kila mtu atajisifu kwamba alijua tangu mwanzo.

7. Ukishikwa, kiri kwa majivuno. Katika Scream ya mwaka 1996, Wes Craven alimsimamisha kijana katikati ya sherehe ataje kanuni zote za kuokoka, kisha akaendelea kuzitumia. Mbinu kuukuu ukizitaja kwa sauti, wakosoaji husema una akili.

8. Tisha watu kabla hawajaingia. William Castle alipotoa Macabre mwaka 1958, kila mtazamaji alipewa bima ya dola 1,000 endapo angekufa kwa hofu. Mwaka uliofuata, kwa The Tingler, baadhi ya viti vilifungwa mota chini vitetemeke. Atakayesema hakuogopa, kiti chake kitamsuta.

9. Usimalize kuua. Katika Friday the 13th ya 1980, Jason ni mtoto aliyezama ziwani zamani. Muuaji ni mama yake. Mama akakatwa kichwa, na 1981 Jason akaibuka akiwa mtu mzima mwenye panga. Kinyago cha hoki alikipata 1982. Mwaka 1984 wakatangaza "sura ya mwisho" na kumuua. Mwaka 1985 wakatoa "mwanzo mpya", na 1986 radi ikampiga akiwa kaburini, akaamka. Nawe andika "mwisho" kwa herufi kubwa bila kupepesa macho. Watu watalalamika kwamba umewalaghai, na watalalamika wakiwa kwenye foleni ya tiketi.