Sifa za Bwana Rambo, Mlinzi wa Wali

Mnazi umesifiwa vya kutosha, na karafuu ina watu wake. Leo tumsifu anayefanya kazi gizani, baina ya mfuniko na wali: mfuko wa plastiki, ambaye mitaa ya Dar es Salaam ilimbatiza Rambo.

Kabla yake mpishi alikuwa mtu wa mashaka. Maji yakikaribia kukauka, ilibidi apalie makaa juu ya mfuniko au atafute jani la mgomba. Makaa yana gharama, jani lina mwenyewe. Bwana Rambo akaingia bila makeke: anatandazwa juu ya wali, mfuniko unamkandamiza, mvuke unakosa pa kutokea, na punje iliyokuwa na kiini inaiva. Kwa mama lishe anayenunua mkaa kwa kopo hiyo si hisani ndogo, na mama huyo simcheki.

Lakini sifa yake kuu ni ukarimu. Jani la mgomba huacha harufu tu. Bwana Rambo hujitoa mwenyewe. Kiwandani polithini yake huchanganywa na vitu vya kumfanya ateleze, asichakae upesi, apendeze kwa rangi. Vingi vya vitu hivyo havikushikamana naye sana, basi vikipata joto hutoka kutembea. Kwenye maji baridi ni mtu wa kujizuia. Mpe moto, mpe muda na, zaidi ya yote, mpe mafuta, ndipo anapofungua moyo. Ndiyo maana wali wa nazi humfaidi kuliko wali mkavu, na pilau lililokolea mafuta humfaidi kuliko yote. Chipsi nazo, zikiopolewa kwenye mafuta ya nyuzi 170 hivi na kumiminiwa humo moja kwa moja, humkuta yeye ambaye huyeyuka kwenye nyuzi 105 hadi 115. Hapo hujikunja kwa furaha.

Na hajigambi. Chumvi ikizidi mlaji hulalamika. Bwana Rambo akizidi, hakuna anayesukuma sahani. Ubao wa bei unataja nyama, maharage, hata kachumbari. Yeye hatajwi wala halipiwi.

Ulaya, watu wasiojua kukirimiwa, wamempimia. Kanuni yao ya mwaka 2011 inataka plastiki isitoe zaidi ya miligramu 10 kwa kila desimeta ya mraba inayogusa chakula, na kabla ya kuruhusiwa hujaribiwa kwa vitu kama mafuta ya mimea na asidi ya siki. Jamaa yake wa mbali, bisfenoli A, ambaye makazi yake ni plastiki ngumu na wala si mifuko (tusimsingizie Bwana Rambo), aliaibishwa zaidi: Aprili 2023 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilikishusha kiwango chake cha kuvumilika kwa siku takriban mara 20,000. Kwetu mgeni hapimiwi. Hata awe mweusi aliyezaliwa na ndoo na kandambili zilizoyeyushwa, hata awe jana alibeba dagaa wabichi, haulizwi ukoo wala alikolala. Anasuuzwa, anakaribishwa sufuriani.

Serikali ilimpiga marufuku 1 Juni 2019, akatoka mikononi mwa wanunuzi. Marufuku hiyo ililenga mifuko ya kubebea. Vifungashio vya bidhaa viliachwa, na jikoni hakuna aliyeona sababu ya kumfukuza ndugu yake mwembamba anayeonyesha.

Adui yake wa kweli hayuko serikalini. Ukichunguza sufuria nyingi anakotawala, utakuta mfuniko umebonyea ukingoni, haukai. Mvuke unapenya, na yeye ameitwa kuziba pengo. Mfuniko ukikaa sawasawa, hana kazi. Kwa hiyo wanaomtakia Bwana Rambo maisha marefu wanaombwa kwa heshima wasipeleke mifuniko yao kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani ikanyooshwe.