Nani Akalie Kiti cha Usiku, Mwisho wa Reli?

Kigoma usiku ni miji miwili. Mmoja uko nchi kavu, umefunga milango na kujifunika shuka. Wa pili uko ziwani, Tanganyika, ni mji wa mitumbwi ya dagaa, taa zake zinawaka mpaka karibu na alfajiri, na wakazi wake wote wako macho. Simama Katonga saa nne usiku, mwezi ukiwa haujatoka, uuone mji huo wa pili ulivyojipanga juu ya maji. Kipindi cha mazungumzo cha usiku kikikosa watu huku, kitawapata wapi?

Zanzibar ilianza runinga mwaka 1973, Bara tukaipata 1994, na tangu hapo karibu kila kipindi chetu cha mazungumzo kinazaliwa Dar es Salaam. Mtu wa Kigoma akitakiwa kukaa kwenye sofa la studio, huambiwa apande treni: kilomita 1,252 kwenda kuulizwa maswali matano. Naomba safari hii kamera ndiyo ipande treni.

Ikishafika, kazi itakuwa moja: nani akalie kiti? Wenzetu wameshaumia hapo. Marekani, Johnny Carson alikalia kiti cha The Tonight Show miaka 30, kuanzia 1962 hadi 1992. Conan O'Brien alikikalia Juni 2009, Januari 2010 akawa ameshaondoka. Nairobi, The Trend ya NTV ilitoka kwa James Smart ikaenda kwa Larry Madowo, mwaka 2018 ikamfikia Amina Abdi Rabar, na kila mara mji ukagawanyika kama siku ya mechi. Basi na sisi tugawanyike mapema. Nahesabu kurudi nyuma, kama alivyowazoesha watu David Letterman wa Marekani, aliyeanza kusoma orodha zake za mambo kumi Septemba 1985.

10. Henry Morton Stanley

Yumo kwa sababu mahojiano yaliyovuma kuliko yote ufukweni huku aliyafanya yeye, Ujiji, Novemba 1871. Alikuwa mwandishi wa gazeti la New York Herald, ametumwa kwa gharama kubwa, ametembea miezi kutoka Bagamoyo. Akafika mbele ya Mzungu pekee mjini, akamuuliza kama ndiye Livingstone. Jamani, angekuwa nani mwingine? Swali ambalo mji mzima unajua jibu lake si swali.

Siku ile kiti ningempa Susi, mtumishi wa Livingstone. Ndiye aliyetoka kumlaki mgeni na kumsabahi, akakimbia kupeleka habari, kisha akarudi mbio kuuliza jina la mgeni kwa sababu bwana wake alitaka kulijua. Kapokea, kasalimu, kauliza, katambulisha. Kipindi kizima Susi alikimaliza, sifa akazichukua aliyekuja mwisho.

9. MC wa harusi

Koti linang'aa, sauti anayo, na ukumbi wa watu 300 anaumudu bila jasho. Ila sekunde tatu za ukimya zikipita, yeye huona ameibiwa. Mgeni anafuta chozi, MC anadai vigelegele. Hapana. Abaki na keki.

8. Mwanasiasa

Kigoma tuna akiba ya wasemaji. Zitto Kabwe wa Mwandiga aliingia bungeni mwaka 2005 kwa jimbo la Kigoma Kaskazini, na mwaka 2007 alisimamishwa ubunge kwa miezi kadhaa baada ya kuhoji mkataba wa mgodi wa Buzwagi. Swali moja, nchi nzima ikakosa usingizi! Anayeuliza hivyo anajua kazi. Tena ni yeye aliyesimama nyuma ya wasanii wenye asili ya mkoa huu walipokusanyika mwaka 2012 wakajiita Kigoma All Stars na kutoa Leka Dutigite, wimbo ambao jina lake ni la Kiha, nao ulitufanya wote tutembee vifua mbele.

Lakini mwendesha kipindi mzuri humwachia mgeni ashinde. Mwanasiasa gani amezoea hilo? Awe mgeni wa kwanza, na saa ya ukutani tuigeuzie kwake.

7 na 6. Baba Levo na Peter Msechu

Nawaweka pamoja kwa sababu wote walikuwa kwenye wimbo ule wa Leka Dutigite, na wote wanachekesha hata wakiagiza maji ya kunywa. Baba Levo amekuwa msanii, diwani na mtangazaji. Ukimpa kiti hicho atauliza swali, atalijibu, atalipinga jibu, na mgeni atatoka amefurahi bila kusema neno. Msechu, aliyeshika nafasi ya pili Tusker Project Fame mwaka 2010, ana kitu ambacho hakifundishwi: anajua kujicheka kabla hajamcheka mwenzake, na mgeni akiona hivyo hulegea mabega. Kati yao ningemchukua Msechu, tena aimbe wimbo wa kufungulia. Kiti bado.

5. Mtafsiri wa filamu wa banda umiza

Vijana wa leo wenye simu huenda hamjui tulichokula. Benchi la mbao, turubai, jenereta linakohoa nje, na sauti ya mtu mmoja inayowafanya Wachina, Wahindi na Wamarekani wote waongee Kiswahili cha mtaani. Marehemu Lufufu alikuwa bingwa wa kazi hiyo nchini, na mabanda ya Mwanga na Ujiji yalimjua kwa sauti kama unavyomjua mjomba wako. Mtafsiri hachoki, hakosi neno, na picha ikikatika ana hadithi ya kuziba pengo.

Tatizo ni kwamba amezoea kuwasemea watu wasiomsikia. Mgeni wa studio anasikia.

Nipisheni hapa niitaje meli ya Liemba, maana kuna mtu atauliza. Binadamu siyo, lakini kwa kurudi kwenye kiti hakuna aliyeishinda. Ililetwa vipande vipande kutoka Ujerumani, ikaunganishwa Kigoma na kuingia majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha, Waingereza wakaiinua 1924, na 1927 ikarudi kazini na jina jipya. Jay Leno alimwachia Conan kiti kile cha The Tonight Show Mei 2009, Machi 2010 akakirudia, dunia ikashangaa. Miezi tisa tu! Liemba iwe studio. Mgeni akileta maringo, tunang'oa nanga na yeye yumo.

4. Kinyozi

Hapa sihitaji kubishana, ushahidi upo. Mkasi, kipindi cha Salama Jabir pale EATV, kiliwakalisha mastaa saluni na kikawa miongoni mwa vipindi vya mazungumzo vilivyopendwa zaidi nchini. Mtu akishavishwa kitambaa shingoni, na mwenzake ana wembe mkononi, uongo humtoka kwa shida. Na Salama ana adabu moja adimu: akiuliza, ananyamaza. Anamtazama mgeni machoni mpaka jibu la kwanza, lile la kujipamba, lipite, lije la pili ambalo ni la kweli.

Kinyozi wa Mwanga ana adabu hiyo hiyo, na habari za mji zote zinaanguka sakafuni kwake pamoja na nywele. Kinachomzuia nafasi za juu ni usiku. Saa tatu amefunga.

3. Mzee wa kahawa, Ujiji

Shikamoo kwanza. Ukifika kwenye baraza lake huulizwi unataka nini, unaulizwa umetoka kwa nani. Unataja baba, anataja babu yako. Unataja babu, anakutajia jahazi alilokuja nalo. Kikombe cha pili kinafika bila kuagizwa, na wewe uliyekuja kwa dakika tano umeshaeleza ugomvi wa urithi, wa shamba la michikichi, na mchumba aliyekimbilia Bujumbura. Hakukuuliza hata kimoja! Alikohoa tu mahali panapostahili.

Mimi nimelelewa pembeni ya mabaraza kama hayo, na nasema bila kuficha: utaalamu wa kuhoji tunaoutafuta mbali umekaa pale umevaa kanzu. Aliyemkosesha namba moja ni yeye mwenyewe. Mgeni akianza kisa, mzee anacho kikubwa zaidi, na hana budi akimalize. Kipindi cha saa moja kitaisha kwa adhana ya alfajiri.

2. Mama wa dagaa, Kibirizi

Sasa tuongee.

Mitumbwi inapotia nanga alfajiri pale Kibirizi, yeye ameshafika. Kanga imekazwa, ndoo ipo, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Mvuvi anashuka na bei kichwani. Mama hamuulizi bei. Anamuuliza usiku ulikuwaje. Upepo? Mlikuwa upande gani? Mlishusha wavu mara ngapi? Mvuvi anajibu kwa kujivuna, anasahau kwamba kila jibu linapunguza shilingi. Anapofika kwenye bei, mama anajua kila kitu kuhusu mzigo ule, anaitaja yeye, na mvuvi anacheka kwa sababu hana pa kutokea. Hayo ndiyo mahojiano. Ana utangulizi, ana utani, na ana swali la kufuatilia lenye makali.

Na hadanganyiki. Mletee dagaa wa Mwanza kwenye gunia lililoandikwa Kigoma, hatafungua hata kinywa; atachukua mmoja, atamkunja, atamtazama aliyeleta. Wageni wengi wa runinga ni dagaa wa Mwanza kwenye gunia la Kigoma. Tungewajua wote ndani ya wiki mbili.

Mwaka 2024 nchi zinazozunguka ziwa zilipokubaliana lipumzike, na upande wetu uvuvi ukasimama kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, mama huyu alikuwa miongoni mwa walioubeba uzito wake. Miezi mitatu bila mzigo, na ada za shule hazipumziki. Nani alimwalika kwenye runinga usiku mmoja, kwa utulivu, aseme ilikuwaje? Nauliza kwa uchungu kwa sababu nilikesha nikingoja kuona. Kipindi hiki kikianza, kisa hicho kiwe cha kwanza, hata kama yeye mwenyewe ndiye atakayehoji na kuhojiwa.

Nilimpa namba moja siku nyingi. Nimemshusha kwa sababu moja tu: saa ya kipindi ni saa yake ya kulala, na mtu anayeamka saa tisa usiku simnyang'anyi usingizi wake.

1. Mshika taa

Kwenye mtumbwi wa dagaa kuna wapiga makasia au mtu wa injini, kuna wavuta wavu, na kuna anayelinda taa. Zamani ilikuwa karabai, ikivuma na kunuka mafuta ya taa. Siku hizi nyingi ni za betri na sola. Kazi haijabadilika. Unawasha, unaishusha karibu na maji, unangoja. Dagaa hawaitwi kwa kelele. Wanakuja wachache, wanazunguka, wanaitana, mpaka maji chini ya taa yanageuka fedha. Ukivuta mapema umepata maji. Ukichelewa wametawanyika. Mshika taa anajua dakika hiyo kwa macho, na wenzake wote wananyamaza mpaka aseme.

Nitajieni shule ya utangazaji inayofundisha zaidi ya hapo. Mgeni mzuri ni dagaa: anahitaji mwanga usiotikisika, na mtu asiyemkimbilia. Zaidi ya hayo, mshika taa amezoea kuwa macho usiku, amezoea kupiga soga na wenzake kwa sauti ya chini hadi saa nane, na visa vya ziwa lenye kina cha mita 1,470 haviishi.

Mtasema yuko kazini usiku. Si kila usiku! Mwezi ukiwa mpevu, ziwa lote lina mwanga, dagaa hawajikusanyi tena kwenye taa, na wavuvi hubaki nyumbani kushona nyavu na kumwona mtoto aliyekua bila wao kujua. Siku hizo mshika taa yuko huru, hana usingizi, na wavuvi wenzake wote wapo nchi kavu mbele ya runinga.

Basi ombi langu kwa kituo chochote kitakachothubutu: msitupangie kipindi cha kila Ijumaa. Tupangieni kwa mwezi. Siku ya kumi na nne ya mwandamo, saa nne usiku, Kigoma, mshika taa kwenye kiti, mama wa Kibirizi akiwa mgeni wa kwanza kwa sababu kesho yake hakuna mzigo wa kuwahi. Giza likirudi, kipindi kinapumzika, na yeye anarudi ziwani.