Babu Spana Anajibu: Harufu Tamu Kabini

Barua za wiki hii karibu zote zimetoka Nyanda za Juu Kusini. Sishangai. Juni imeingia, Kitulo umande unaganda kwenye majani, na madereva ambao mwaka mzima hawakumbuki kama lori lina hita ndio sasa wanaitafuta swichi yake gizani.

*Babu, shikamoo. Mume wangu anaendesha Fuso ya zamani, anapeleka viazi Dar. Juzi nilipanda naye kutoka Makete hadi Makambako. Kabini nzima inanukia utamu kama pipi, na kapeti ya upande wangu imelowa. Kioo cha mbele kina ukungu, anaufuta kwa kitambaa ambacho si cha nyumbani kwangu. Nikimuuliza, anajibu "ni gari tu." Nimwache?* — Mama Viazi, Njombe

Marahaba, mwanangu. Weka begi chini kwanza. Safari hii mwanaume kasema kweli, ila kaisema kivivu. Nyuma ya dashibodi kuna rejeta ndogo, haizidi sana kitabu kinene. Maji ya moto ya injini huingia humo kwa mpira mmoja na kutoka kwa mwingine, feni inapuliza hewa kupitia humo, nanyi mnapata joto. Ikitoboka, hayo maji yaliyochanganywa na kulanti yanachuruzika hadi kwenye kapeti, na mvuke wake unatua kwenye kioo kama utando wa mafuta: ukiufuta kwa kitambaa kikavu unasambaa tu. Huo utamu ni wa glaikoli iliyo ndani ya kulanti, nayo ni sumu. Usilambe eti uhakikishe, na watoto wasichezee kapeti hiyo.

Kandamiza tishu nyeupe pale palipolowa. Ikitoka na rangi, kijani au nyekundu, na vidole vinanata, jibu umelipata. Ikitoka na maji matupu, hiyo ni mvua iliyopenya kwenye mpira wa kioo. Asubuhi, injini ikiwa baridi, mwambie afungue kifuniko cha rejeta kubwa. Kama maji yanapungua kila siku na chini ya lori hakuna tone, basi yanaishia miguuni pako. Mpaka viazi vilipe rejeta mpya, aunganishe ile mipira miwili kwa kipande cha bomba la chuma na klipu mbili zilizokaza, maji yazunguke bila kuingia kabini. Mtasafiri na blanketi, lakini mtafika.

Tishu ikitoka kavu na harufu bado ipo, barua yako si ya kwangu tena. Shangazi yuko ukurasa wa 14. Na hicho kitambaa, mimi sikijui.

*Hita yangu inapuliza baridi kuliko ya nje. Fundi anasema rejeta ya hita imekufa, anataka kufumua dashibodi yote.* — Baridi Yabisi, Uyole

Asiguse hata skrubu moja. Washa injini mpaka ipate moto, fungua hita hadi mwisho, kisha gusa kwa tahadhari ile mipira miwili inapoingia kabini. Yote ikiwa ya moto, rejeta yako ni nzima. Kagua feni, au waya unaovuta kile kibati cha kugeuza hewa. Mmoja moto na mwenzake baridi, rejeta imeziba au bomba la kufungulia maji limekwama. Kama ni kuziba, chomoa mipira yote miwili injini ikiwa imepoa, ingiza maji kwa kinyumenyume kupitia pale yanapotokea, taratibu, mpaka yaje meupe. Nimesema taratibu. Rejeta ya miaka 25 ukiipiga maji ya mashine ya kuoshea magari, utaniandikia tena kuhusu kapeti.

Mipira yote ikiwa vuguvugu, muulize fundi themostati iko wapi. Hapa nina kinyongo cha siku nyingi. Kila mji una fundi aliyeapa kung'oa themostati, eti hiyo ni ya Ulaya, Afrika joto lipo. Kazi yake ni kuyazuia maji mpaka injini ifike kwenye nyuzi 82 hivi. Ukiitoa, ukiteremka mlima Kitonga injini inapoa kama uji uliosahaulika mezani, dizeli inaungua vibaya, na hita haina joto la kukugawia.

*Nimebadilisha rejeta ya hita mara tatu ndani ya mwaka. Jirani yangu ana gari kama langu na hata salamu hanipi. Nimerogwa?* — Nateseka, Mafinga

Mwache jirani apumzike. Azima mita ya umeme. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta kubwa ndipo uwashe. Ncha moja iweke kwenye hasi ya betri, nyingine ichovye kwenye maji bila kugusa chuma, kisha washa taa na feni. Ikisoma zaidi ya volti 0.3, kuna umeme unaopita majini kwa sababu waya wa athi umelegea au umeoza, na umeme huo unaitafuna rejeta yako kutoka ndani. Safisha athi za injini, bodi na betri.

Halafu kitazame kifuniko chenyewe. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, maji matupu huko huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Kifuniko ndicho kinachoyabana yasichemke mapema. Ukiweka cha gari jingine kwa sababu tu "kimeingia", kikibana kupita kiasi, mahali pa kwanza kupasuka ni palipo dhaifu. Mapovu yasiyoisha kwenye rejeta kubwa nayo yana maana: hedi gasketi inasukuma moshi majini, na rejeta ya nne itaifuata ya tatu.

*Mimi ni utingo. Rejeta ikivuja bosi anatia yai na binzari, kisha anajazia maji ya mtoni. Ni sawa? Pia ana miezi miwili hajanilipa.* — Utingo, Makambako

Yai na binzari huziba kweli, ila havichagui tundu: vijia vyembamba vya rejeta ya hita ndivyo vinavyoanza kuziba. Maji ya mto yanaleta tope na chumvi, kutu inafuata. Mwambie achanganye kulanti nusu na maji yaliyokenekwa ya betri nusu, amwage yote kila miaka miwili, na asichanganye aina mbili, kwa maana nyingine zikikutana zinakuwa ute. Kulanti inayobaki isikae kwenye chupa ya soda.

Kuhusu mshahara, hapo hata mimi sina spana inayoingia.